Kimondo cha jana usiku, Tandahimba: nakiandikaje kisipotee?

Mlinda Korosho (Tandahimba):
Wakuu, habari za asubuhi. Jana saa 4:20 usiku nilikuwa uani nalinda korosho nilizoanika kwenye turubai. Ghafla ua mzima ukawa mweupe, vivuli vya mikorosho vikawa vinazunguka chini. Kuinua macho, naona upande wa mashariki kitu cha kijani cha ndizi mbichi kinakata anga kutoka kulia kwenda kushoto, mkia wa rangi ya chungwa. Kikapasuka vipande vitatu, giza. Nimeshazunguka turubai, nimefunga kamba zote, nimekaa, ndipo ukaja mngurumo mzito, na mawingu hakuna! Babu anasema ni shetani kapigwa. Mimi nataka kukiandika vizuri. Simu ilikuwa ndani inachajiwa. Naanzia wapi?

Mwalimu wa Lindi:
Mkuu, huo mngurumo una thamani kuliko picha. Sauti huchukua takriban sekunde 3 kwa kila kilomita. Leo zunguka tena turubai, funga kamba zilezile, kaa, huku simu inahesabu muda.

Kisha simama palepale ulipokuwa. Kilipasukia juu ya tawi gani, paa gani? Nyoosha mkono, kunja ngumi, hesabu ngumi kutoka upeo wa macho hadi pale. Ngumi moja ni kama nyuzi 10. Mwelekeo upime kwa dira ya simu, ila kaa mbali na bati na pikipiki, chuma huipotosha. Fanya leo hii, kabla majirani hawajakusimulia cha kwao ukakichanganya na chako.

Na mtu asikwambie kimeangukia shamba la jirani. Vimondo vingi huzimika makumi ya kilomita juu, hata kama macho yanakiona kinaingia mikoroshoni.

Boda Masasi:
Nimekiona pia! Nilikuwa nasubiri abiria stendi. Mashariki, kulia kwenda kushoto, ila chini sana, hata ngumi mbili hazifiki.

Mlinda Korosho (Tandahimba):
Nimerudia yote. Dakika 4 kasoro kidogo. Ngumi nne, mashariki kabisa.

Mwalimu wa Lindi:
Safi sana! Dakika 4 kasoro ni kama kilomita 80 kutoka kwako hadi kilipopasukia. Kwa ngumi nne, kimo chake ni kama kilomita 50, na chini yake ni kama kilomita 60 mashariki yako, yaani karibu na mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Boda yuko mbali zaidi, ndiyo maana kwake kilikuwa chini. Hesabu zenu zinakubaliana. Kila mmoja ajaze fomu yake kwenye tovuti ya International Meteor Organization, shirika la kimataifa la vimondo, wanapokea taarifa bure kutoka nchi yoyote.

Walioko Mtwara mjini, Shangani na Mikindani, mlikiona upande wa kusini? Mwenye duka lenye kamera ya ulinzi aitazame saa 4:20 na ahifadhi video leo, maana kamera nyingi hujifuta baada ya siku chache.