Mjadala: Mukimtia Usyk ulingoni na mabingwa wa kale, nani atabaki wima?

Mwanzisha mjadala, Mji wa Kale

Tangu bondia Oleksandr Usyk amlaze Daniel Dubois pale Wembley Julai 2025, raundi ya 5, kwenye baraza za kahawa huku Kibokoni hakukaliki. Vijana wamekata shauri kwamba huyu bwana wa Ukraine angewatandika wote, kuanzia Joe Louis mpaka Muhammad Ali. Wazee nao hawataki hata kusikia. Kwao ndondi zilikwisha siku Ali alipotundika glavu. Nauleta mjadala hapa kwa sababu naona pande zote mbili zinabishana kwa mapenzi tu. Hakuna anayeuliza pigano lenyewe lingepiganwa kwa sheria gani.

Hoja kubwa ya vijana ni ukubwa. Na kweli, Tyson Fury alipanda ulingoni Riyadh Disemba 2024 akiwa na kilo 127. Rocky Marciano, aliyestaafu 1956 bila kushindwa hata pigano moja katika 49, alikuwa na kilo 84 au 85 hivi. Leo angeambiwa ashuke uzani wa kruza, ambao kikomo chake ni kilo 90 na ushei, na huko pia angeonekana mdogo.

Lakini jamani, si mnamzungumzia Usyk? Huyu naye katokea kruza! Alizikusanya mikanda yote ya huko 2018, ndipo akapanda juu kuwashinda Anthony Joshua mara mbili na Fury mara mbili. Mdogo kawashinda wakubwa, kisha mnaushika ukubwa kumkana Louis? Hoja hiyo ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Wala si jambo la jana. Mwaka 1919 kule Toledo, Jack Dempsey mwenye kilo 85 alimwangusha Jess Willard mwenye 111 mara 7 katika raundi ya kwanza peke yake. Mwaka 1935 Louis, kilo 89, alimmaliza Primo Carnera wa kilo 118 raundi ya 6.

Msimamo wangu: kwa raundi 12, Usyk anawashinda karibu wote wa kabla ya 1960, na hata Joe Frazier. Kwa raundi 15 mambo yanageuka. Kwamba angemshinda Ali wa 1966 sikubali kwa sheria yoyote. Haya, semeni.

Wa Likoni

Ami, heshima yako, lakini Dempsey usimlete hapa. Alikuwa akimsimamia Willard kichwani. Mtu akiinua goti tu anarudishwa chini. Sheria ya kwenda kona ya mbali mpaka hesabu iishe haikuwa ikifuatwa. Refa wa leo angemfukuza pale na Willard angepata pumzi zake. Na Carnera hata wakati wake watu walinong'ona kwamba mapigano yake mengi yalipangwa. Kumshinda jitu asiyejua ndondi ni jambo moja. Fury ana sentimita 206, anacheza miguu, anabadilisha mkono, anainama kama mtu mfupi. Huyo ndiye ambaye Usyk alimyumbisha raundi ya 9 mpaka akawa anaokolewa na kamba na refa akamhesabia. Louis hajapata kukutana na kitu cha namna hiyo maishani mwake. Wewe kilo umezipima, lakini ujuzi uliomo ndani ya kilo hizo hukuupima.

Mkufunzi wa vijana, Majengo

Mnazunguka tu. Usyk ni mashoto, husimama mkono na mguu wa kulia mbele, na hapo ndipo penye shughuli.

Nikiwapanga vijana wangu, mmoja wa kulia na mmoja mashoto, dakika ya kwanza wanakanyagana. Mguu wa mbele wa huyu ni wa kushoto, wa yule ni wa kulia, na yote miwili inataka kukaa pahali pamoja. Atakayeuweka mguu wake nje ya mguu wa mwenzake ndiye anayepata njia iliyonyooka ya mkono wake wa nyuma, na mwenzake inabidi ajigeuze kwanza ndipo arushe. Nawachorea mstari wa chaki sakafuni, nawaambia wapiganie ule mstari, ngumi baadaye. Sasa mtazameni Usyk miguu, msimtazame mikono. Hatua ndogo ndogo kuelekea kulia kwake, haachi, na mpinzani anajikuta amegeuka mara hamsini kwa raundi. Raundi ya 8 mapaja yamekufa.

Mabingwa wa zamani mashoto walikutana nao kwa nadra. Wakufunzi wengi walikuwa wakimgeuza kijana mapema asimame kama wenzake, na mameneja waliwakwepa waliobaki. Bwana wa Mji wa Kale, huyo Ali wako wa 1966, Septemba ya mwaka huo huo alipigana Frankfurt na Karl Mildenberger, mashoto wa kwanza kuwania mkanda wa uzani wa juu. Ilimchukua mpaka raundi ya 12. Novemba akakutana na Cleveland Williams, bondia mwenye ngumi za kuogopesha, akammaliza raundi ya 3. Ali ni yule yule, miezi miwili tu imepita. Tofauti ni mguu.

Na Mildenberger si Usyk.

Wa Kisauni

Hizi habari za "angeli" na "angali" hazina mwisho, lakini wapo waliovuka kweli kutoka zama moja hadi nyingine, na matokeo yao yameandikwa. George Foreman alipigwa na Ali Kinshasa 1974. Miaka 20 baadaye, Novemba 1994, ana miaka 45 na kaptura ile ile nyekundu ya Kinshasa, anakutana na Michael Moorer: miaka 26, hajapoteza, bingwa aliyemvua Evander Holyfield. Na mkufunzi asikie: Moorer ni mashoto. Alikuwa anaongoza kwa pointi bila taabu. Raundi ya 10 Foreman akamnyooshea mkono wa kulia, kwisha. Miaka mitatu kabla ya hapo babu huyo huyo alikuwa amemaliza raundi zote 12 na Holyfield, na Holyfield naye katokea kruza akiwa na mikanda yote, njia ile ile ya Usyk.

Larry Holmes vivyo hivyo. Februari 1992, ana miaka 42, anamfunza Ray Mercer ndondi na kumshinda. Mercer alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya 1988 na hajapoteza pigano. Kama vikongwe wa kizazi kile waliweza hivyo, wakiwa vijana ingekuwaje?

Wa Likoni

1994 ni zamani pia, kaka. Na Moorer alisimama palepale kama nguzo ya stima raundi nzima. Usyk hasimami.

Wa Bamburi

Mnajua kwamba jambo hili lilishapelekwa kwa kompyuta? Mwaka 1967 promota mmoja wa Marekani, Murray Woroner, aliendesha mashindano ya redio ya mabingwa wote wa historia, takwimu zikitiwa mashineni. Ali akatolewa na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzo wa karne. Akaenda mahakamani kudai dola milioni moja. Yakaisha kwa makubaliano: 1969 Ali, ambaye wakati huo alikuwa amenyang'anywa leseni na mfuko umekauka, akaingia studio na Marciano aliyekuwa amestaafu muda mrefu, amepunguza mwili na kuvaa nywele za bandia. Wakarekodi raundi kibao na miisho tofauti tofauti. Januari 1970 watu wakajaa sinema, na Marciano akashinda kwa kumlaza Ali raundi ya 13. Ulaya wakaonyeshwa Ali akishinda! Marciano mwenyewe hakuuona mwisho wowote, alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 1969.

Kwa hivyo mkiniambia leo kuna programu imekokotoa asilimia za Usyk na Louis, mimi nacheka. (Sisi wenyewe tuna Robert Wangila, dhahabu ya Seoul 1988, na sijaona mtu akikesha kumpangia wapinzani.)

Mwanzisha mjadala, Mji wa Kale

Mkufunzi, ya Mildenberger nimeyapokea, ila umeacha nusu: Ali alimwangusha kabla ya refa kusimamisha. Kuchelewa kufungua mlango si kushindwa kuufungua. Ali na Usyk urefu ni ule ule, sentimita 191, na mikono karibu sawa. Kwa hivyo kwa mara ya kwanza Usyk angekutana na mtu wa uzani wa juu aliyemzidi wepesi, na sioni jabu yake, ile ngumi ya mkono wa mbele, ikimfikia Ali wa siku zile.

Sasa nirudi kwenye sheria, maana mmenipita kama gari la moshi. Raundi 15 zilianza kuondolewa Disemba 1982, baada ya Kim Duk-koo wa Korea Kusini kufa kufuatia pigano lake na Ray Mancini mwezi uliotangulia. Uamuzi wa haki kabisa. Lakini tazameni unavyoigeuza historia. Juni 1941 New York, Louis anapigana na Billy Conn, mtu wa uzani wa chini aliyepanda juu, hata kilo 80 hakufika. Conn anacheza miguu, anagusa, anaondoka. Baada ya raundi 12 anaongoza kwenye kadi mbili kati ya tatu za waamuzi. Raundi ya 13 anapata tamaa ya kumlaza Louis, anasimama kubadilishana ngumi, na anaanguka yeye zikiwa zimebaki sekunde 2. Septemba 1952, Marciano yuko nyuma kwa pointi mbele ya Jersey Joe Walcott. Raundi ya 13 tena, konde moja la kulia, mkanda umehama.

Kwa sheria za leo Louis anapoteza mkanda kwa Conn, na Marciano haupati usiku ule. Wala sihitaji kompyuta kusema Usyk angemshinda Louis kwa raundi 12. Conn alishatuonyesha, na Usyk ni Conn mwenye kilo 20 zaidi. Zikiwa 15, Louis ana dakika 9 za ziada za kumtafuta mtu ambaye hajawahi kuzipigana katika maisha yake ya kulipwa.

Mkufunzi wa vijana, Majengo

Dakika 9 hizo ni zao wote wawili, bwana. Joshua raundi ya 12 kule London 2021 alikuwa amebanwa kwenye kamba, anasubiri kengele. Ungempa Usyk raundi nyingine tatu pale tungezungumza habari nyingine.

Wa Likoni

Hapo umesema, mkufunzi. Na mumewataja wote mukamsahau Lennox Lewis, aliyekuwa wa mwisho kuishika mikanda yote, 1999, kabla ya Usyk kuja 2024. Sentimita 196, kilo 110, na mkono wa kulia kama ule ambao ndugu wa Kisauni anasema ulimmaliza Moorer, mashoto. Picha zake zina rangi, hakuna wa kusingizia kamera. Mzee wa Mji wa Kale, huyo unamweka wapi?