Tumelipa laki na nusu tufundishwe kuchora mandhari ufukweni, tumeishia kunakili picha ya WhatsApp

Wakuu habari za muda huu. Nina hasira na naandika na hasira zangu hivi hivi, ili mwingine asije akaliwa hela kama sisi.

Kuna jamaa hapa Dar anatangaza mafunzo ya kuchora mandhari nje, yani siyo darasani, mnasimama ufukweni na stendi za kuwekea turubai, kile kitambaa cha kuchorea, mnachora kile mnachokiona. Ada laki na nusu kwa kichwa, rangi na brashi anatoa yeye, chai anatoa yeye. Tangazo kalipamba na mchoro wa Monet, yule mchoraji Mfaransa wa mandhari. Watu wakalipa, na siyo watu wenye hela za kuchezea, wengine wametoka Mbagala, mmoja katoka Kibaha, wamedandia gari la kwanza gizani ili wawahi.

Tuliambiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuwe Msasani pale kwa wavuvi. Muda huo sina ugomvi nao, ndo wenyewe kabisa, maana sisi huku tuko jirani na ikweta, jua likishatoka halina kona, linapanda juu moja kwa moja, saa tatu vivuli vishakuwa vifupi na saa nne kila kitu kimepauka huoni tena umbo la kitu. Sasa tumefika, maji bado mengi, ngalawa zinaelea, jua linazipiga ubavuni, upande mmoja mbao zimekuwa rangi ya chungwa na upande wa kivuli zinaelekea zambarau, na kivuli chenyewe kimevunjikavunjika kwenye maji. Kitu tulicholipia kiko mbele ya macho. Mwalimu hayupo! Vifaa vyote anavyo yeye. Simu inaita haipokelewi.

Kaja saa nne kasoro. Bila hata samahani. Na ilikuwa siku za bamvua, ambapo maji ya Dar yanaweza kushuka hata mita tatu kwa masaa sita, kwa hiyo muda anashusha stendi zake ngalawa zote zimelala ubavu kwenye tope na jua liko utosini. Anatuambia eti hamna shida, fungueni grupu nimewatumia picha, choreni hiyo.

Picha yenyewe ni machweo na minazi, imeokotwa mtandaoni, hata siyo Msasani. Yani watu wazima tumesimama juani saa tano asubuhi, bahari iko pale, tunainamia simu kuchora jua linalozama. Simu zenyewe kwa jua lile kioo hakionekani! Tungetaka kunakili picha si tungekaa nyumbani chini ya feni?

Sasa lililoniuma kuliko yote. Pembeni yangu kulikuwa na bi mkubwa mmoja, nesi mstaafu, yeye aligoma kuangalia simu, akasema mimi nimekuja kuangalia bahari. Akakaa akachora kisiwa cha Bongoyo kule mbali. Katulia, anakodoa, anapunguza macho, anachanganya rangi taratibu, akapata bluu fulani imechanganyika na kijivu, nyepesi, akaiweka. Nawaambia kisiwa kilikaa mbali pale pale kwenye turubai. Na ndo ilivyo, kitu kikiwa mbali hewa ya katikati inakifubaza na kukivuta kwenye bluu, hili ni somo la mwanzo kabisa la mandhari na mama wa watu kaliona kwa macho yake bila kufundishwa na mtu. Mwalimu kapita, kamnyang'anya brashi mkononi, kachovya kijani kibichi cha kwenye tyubu akapaka juu ya kisiwa chote. Mama akamwambia kwa upole kabisa, mwalimu mbona mi naona bluu? Akajibiwa, "Mama, kisiwa kina miti, na miti ni kijani."

Mama akanyamaza, akaanza kufuta mikono.

Huo ndo ualimu gani jamani? Kazi ya mwalimu wa mandhari ni kukufundisha kuamini unachokiona siyo unachokijua, na huyu kafanya kinyume chake, tena kwa mkono wake kwenye kazi ya mtu. Na huyo Monet anayempachika kwenye tangazo, alipokuwa anachora kanisa kuu la Rouen, kule Ufaransa, mwaka 1892 na 1893 alikuwa na turubai nyingi zimepangwa, mwanga ukihama anahamia nyingine. Aliheshimu mwanga kiasi hicho. Wewe unakuja saa nne!

Rangi nazo ni za maji za ukutani, kamimina kwenye vikopo, kwa upepo ule zinakauka kabla hujachanganya na brashi zinaacha manyoya. Tulipolalamika akasema mbona Tingatinga alitumia rangi za baiskeli. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza 1968 alipaka rangi za mafuta za kung'aa kwenye hadibodi, akachora wanyama kwa namna yake mwenyewe na zile rangi zilimfaa kwa kazi ile. Asisingiziwe marehemu kuhalalisha ubahili.

Kibali cha kuwa pale alisema anacho, vijana wa pwani walipokuja kuuliza akakosa cha kuonyesha, tukachangishana wenyewe. Chai hatukuiona. Jioni mwenzetu kauliza risiti kwenye grupu, akatolewa, na mimi nikafuata.

Msimamo wetu ni huu, arudishe laki na nusu ya kila mtu, hatutaki kufidiwa na "siku nyingine ya bure". Asiporudisha tunaenda polisi na meseji zote za malipo tunazo. Wanasheria mliomo humu, tuanzie wapi? Na kama kuna mchoraji anayetoka kweli alfajiri na wanafunzi wake, iwe Feri, Kunduchi au Kigamboni, aweke bei yake hapa, bi mkubwa bado anataka kujifunza na mimi pia.