Shukrani uliyowahi kumtolea Mungu: tupeane uzoefu (si lazima iwe nyumba au gari)

Mama Dagaa
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naanza mimi, tena naanza na lililonichoma.

Nauza dagaa. Nanunua wabichi kwa ndoo pale Igombe, Mwanza, alfajiri mitumbwi ikiingia, naanika, wakikauka nawapeleka soko la mwaloni Kirumba. Wenye mtaji wana chanja, sisi wengine bado tunaanika chini mchangani juu ya nyavu kuukuu. Wiki mbili zilizopita, giza la mwezi, ndio msimu wa kuvua dagaa, walitoka kwelikweli. Kila mtu kamwaga ndoo zake mpaka pa kukanyaga hapana. Saa tano hivi mvua ikaja kutoka ziwani bila hodi. Wa kazi hii anajua: dagaa akilowa hali ni nusu mkavu anabadilika rangi, ananuka, na bei inayobaki ni ya chakula cha kuku. Mimi nilikuwa na turubai la kuazima, nikafunika. Jirani yangu wa pale mchangani alikuwa amempeleka mtoto zahanati. Aliporudi, dagaa wake walikuwa wanaelea.

Jumapili nikasimama na sadaka ya shukrani, bahasha mkononi, nikasema Mungu hakuniacha. Makofi, vigelegele. Naye alikuwepo, benchi la tatu, akapiga makofi na wenzake. Tulipotoka nje akaniambia polepole, "Dada, kwa hiyo mimi aliniacha?"

Mpaka leo sina jibu. Naomba za kwenu. Mlishukuruje, na kama kuna aliyewahi kukwama kama mimi aseme.

Mtumishi wa Buhongwa
Amina mama. Usijilaumu. Luka 17 wakoma kumi walitakasika, akarudi mmoja, tena Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuwa na habari naye. Alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu. Yesu hakumwambia apunguze sauti eti kuna wakoma wengine kule Galilaya hawajapona. Aliuliza wale tisa wako wapi. Wote tukinyamaza kwa kuoneana haya, nani atatiwa moyo?

Babu wa Ukara
Tumsifu Yesu Kristu. Mtumishi nimekuelewa, ila ngoja nikueleze langu.

Tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio Bugolora, kisiwani Ukerewe. Nilikuwa narudi nyumbani kisiwa cha Ukara na kivuko cha MV Nyerere. Nilinunua vitunguu, nikatoa noti ya elfu kumi, mama muuzaji hana chenji. Akaenda kuitafuta. Nikasimama pale namsubiri, namlaumu moyoni, huku naona watu wanapanda na mizigo yao. Kivuko kikaondoka. Kilipinduka kimeshakaribia kabisa kufika Ukara, watu wanaokiona wako ufukweni. Walifariki zaidi ya 200. Fundi mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye, na nakumbuka watu walivyolia upya siku hiyo, maana kila mmoja alianza tena kumtumainia wa kwake.

Kitongojini kwetu kuna nyumba ilizika watu wanne. Sasa nisimame mbele ya hao niseme Mungu kaniokoa kwa chenji ya vitunguu? Sijawahi. Kila Septemba naenda parokiani kuomba Misa ya marehemu, na shukrani yangu naiweka humo humo ndani ya nia ile. Padre mwenyewe hajui. Nikitoka, napeleka sato kwa yatima wa nyumba ile, basi. (Na chenji yenyewe niliitumia, sikuihifadhi kama watu wa kwenye hadithi.)

Baba Stela, Sengerema
Shikamoo mzee wangu. Mimi nimekuja na jepesi. Mwaka 2016 mke wangu alishikwa na uchungu usiku, tuko kwenye foleni ya kivuko Busisi. Binti akazaliwa ndani ya Noah ya watu, kwa kanga za abiria tusiowajua. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 hivi, navuka kwa dakika chache tu. Kila nikifika katikati naimba ubeti mmoja, hata niwe na hasira gani. Binti mwenyewe anasema, "Baba, umeanza."

Msukuma wa Magu
Kwetu shukrani ni mnada baada ya ibada. Juzi bibi mmoja alileta jogoo. Aliyemnunua akamrudisha auzwe tena, wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Mara ya nne kamba ikakatika, jogoo akapita juu ya wanakwaya na dirishani huyoo. Vijana wakainuka kumkimbiza, mchungaji akawaambia kaeni, huyo ameshatolewa. Bibi anapunga mkono tu: "Wabeja! Wabeja gete!" (asante sana kwa Kisukuma).

Mama Dagaa
Nimewasoma wote. Babu, shikamoo. Nilisoma lako mara mbili.

Jana jioni nilikwenda kwa yule jirani na ndoo mbili za wakavu. Maneno niliyoyaandaa njiani yote yakapotea. Nilimkuta anachambua wale walioharibika, anawatia kwenye kiroba cha mfuga kuku. Mtoto kapona. Nikavuta kigoda nikachambua naye, tukaongea habari za bei tu. Ndoo alizipokea, akasema atazirudisha giza la mwezi likirudi. Nilitaka kukataa, nikaona nitamvunjia heshima.

Jumapili anatoa shukrani ya mtoto, kaniomba nisimame naye. Mtumishi, sauti itakuwa kuu, usiwe na wasiwasi.

Leo tumeanika pamoja, turubai moja, bado ni lile la kuazima. Kuna wingu linajikusanya upande wa visiwani, naacha simu.