Shira ya kupaka mboga za kuoka: asali, sukari guru au ukwaju?

mpishi_wa_zamu
Wakuu, salaam. Jumamosi tunapokea ukweni, jumla tutakuwa watu kumi na wawili, na mama watoto kanipa kazi moja tu: mboga za kuliwa na kuku wa kuoka na wali. Nimeshaamua ni karoti na boga, zikaangwe na joto la oveni hadi zipate rangi, kisha zipakwe shira zing'ae. Oveni yangu ni ya umeme, trei ninazo mbili.

Kinachonikwamisha ni shira yenyewe. Nimebaki na tatu: (1) asali na siagi, (2) sukari guru na tangawizi, (3) ukwaju wenye sukari kidogo na pilipili. Nataka kujua ipi inashika vizuri, ipi haiungui upesi, na ipi watu wazima hawataniambia nimewapa peremende. Wageni wawili ni wazee wenye kisukari, hilo nalo mlipime. Tafadhali msiniambie "zote nzuri mkuu".

mrina_asali
Asali. Mimi ni mtu wa Tabora, ulitegemea niseme nini?

Kilo moja ya karoti inataka vijiko viwili vya chakula vya asali, kijiko kimoja cha siagi, chumvi, pilipili manga ya kutwanga, na nusu ndimu uikamulie zikishatoka motoni. Siagi na asali unaziyeyusha pamoja, umemaliza. Hizo nyingine mbili zote utazipika kwanza zipungue maji, asali haina shughuli hiyo. Nyuki wameshakufanyia.

Chukua asali ya kawaida ya porini, ile nyeusi nyeusi. Usije ukamwaga asali ya nyuki wadogo kwenye trei! Ile ni majimaji, ina uchachu wake, bei yake unaijua, na kwenye moto wa oveni harufu uliyoilipia inaondoka yote.

fundi_oveni
Mrina kasifia mali yake, lakini kaacha jambo moja: kati ya hizo tatu, asali ndiyo inayoungua kwanza. Sababu ni aina ya sukari iliyomo. Asali imejaa fruktosi na glukosi. Fruktosi huanza kugeuka karameli kwenye nyuzijoto 110 hivi, wakati sukari ya mezani, na sukari guru ambayo sehemu yake kubwa ni ile ile, husubiri mpaka 160 kwenda juu. Oveni ya kuoka mboga unaiweka 200 hadi 220. Ukipaka asali mwanzoni, kingo za trei zitakuwa nyeusi na chungu wakati karoti katikati bado inagoma kwa uma.

Kwa hiyo mkuu, kabla hujachagua shira, chagua wakati wa kuipaka. Karoti zikate vipande vya unene wa sentimita 2, zikaushe kwa kitambaa, zipake mafuta na chumvi tu, zitandaze zisigusane. Moto 210, dakika 20 mpaka 25. Uma ukiingia kwa shida kidogo, toa trei, mwaga shira, geuza kila kipande kipate, rudisha dakika 8 hadi 10. Hapo katikati geuza tena mara moja. Ukifuata hivyo hata asali haitakuangusha.

Na usijaze trei. Karoti karibu asilimia 88 ni maji. Zikibanana, mvuke unakosa pa kutokea, na utakuwa umezichemsha ndani ya oveni. Shira haishiki kitu kilicholowa, inateleza chini na kuungulia kwenye bati.

mrina_asali
Sikulisema kwa sababu kwetu mtu hapaki asali mwanzoni. Nilidhani inajulikana.

jamaa_wa_ziwani
Niwasalimu kutoka Kisumu. Mnaongea asali kama sukari nguru haipo (sisi huita nguru, nyinyi guru, tusigombane). Kwa boga hakuna kitu kinachoifikia. Ladha yake ina ule uzito wa muwa uliochemshwa, karibu na molasi, na boga ambalo halina makeke linahitaji kitu cha namna hiyo. Asali juu ya boga mimi naona inapotea tu, unasikia utamu bila kujua umetoka wapi.

Gramu 60 hivi za nguru, ikwangue kwa kisu, tia maji vijiko vitatu na tangawizi mbichi uliyoparuza, weka kwenye moto mdogo iyeyuke. Ichuje kwa kichujio cha chai, maana hukosi vipande vya makapi ya muwa, na wakati mwingine mchanga. Irudishe motoni mpaka ishike mgongo wa kijiko: pitisha kidole, mstari ukibaki wazi bila kuzibika, epua. Ukiendelea hapo itakuwa ngumu na ikipoa utaivunja kwa nyundo.

Tena boga liangalie vizuri sokoni. Lile kubwa la majimaji mwachie mpishi wa futari. Wewe tafuta lenye nyama ngumu ya rangi ya chungwa iliyokoza, au chukua batanati kabisa.

bi_mkubwa_wa_Mtwapa
Wanangu, nimewasoma wote. Huyu kijana analisha wakwe, tena wazee, na kuku wa kuoka pembeni. Nyinyi mnampa asali, mnampa nguru, tamu juu ya tamu. Karoti ni tamu, boga ni tamu. Mtu atakula vipande vitatu aweke kijiko chini.

Ukwaju, mwanangu. Chukua kama gramu 50, loweka katika nusu kikombe cha maji moto, ufikiche, uchuje mbegu na nyuzi. Tia vijiko viwili vya sukari, chumvi, pilipili ya unga kiasi chako, na bizari nyembamba uliyoikaanga kavu na kuisaga. Weka motoni upunguke, uwe mzito kama ule wa kulia bajia. Kitunguu thomu ukipenda, punje moja, usizidishe. Ukipaka juu ya boga lililokwisha kuungua ungua pembeni, hao wazee watakuuliza umejifunza wapi.

fundi_oveni
Shikamoo bi mkubwa. Kwa ladha nakubali, ukwaju unashinda. Ila mkuu ajue tabia zake mbili. Ukali wa ukwaju unachelewesha mboga kulainika, kwa hiyo ukiupaka karoti zikiwa bado ngumu, zitabaki ngumu. Ziive kwanza kabisa, si kwa shida kidogo kama nilivyosema kwenye asali. Pili, hautang'aa kama asali wala kupata ile rangi ya dhahabu, kwa sababu ukali huohuo unazuia mboga kuwa kahawia. Utapata rangi ya udongo mwekundu. Mkuu alisema anataka zing'ae.

bi_mkubwa_wa_Mtwapa
Marahaba baba. Mng'ao hauliwi. Lakini akitaka, atie kijiko cha samli kwenye ukwaju ukiwa bado wa moto, akoroge sana, akaupake hapo hapo.

jamaa_wa_ziwani
"Mng'ao hauliwi" 😂😂 Bi mkubwa ametumaliza.

mswahili_Muscat
Habari za huko nyumbani. Naona hamjataja asali ya tende, huku Oman iko kila duka na huko pwani siku hizi inapatikana kwa wauza tende. Ni nyeusi, nzito, utamu wake una uchungu kidogo nyuma, kwa hiyo inakaa kati ya nguru na ukwaju. Mie napakia karoti, namwagia ufuta uliokaangwa juu na ndimu. Inaungua upesi kama asali ya nyuki, tahadhari ya fundi ni ileile. Kama unayo, itumie. Kama huna, sioni sababu ya kuhangaika mji mzima kuitafuta kwa ajili ya Jumamosi.

mla_ugali
Boga na karoti mpaka zipakwe asali? Boga la nazi lina kosa gani? Watu mmeanza kula kama hoteli.

mpishi_wa_zamu
Mla ugali, mama mkwe boga la nazi analipika kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nikimletea langu mezani nitakuwa nimejitafutia mtihani. Hii ni mbinu.

mla_ugali
Hapo umeongea. Nimeondoka.

chumba_na_sebule
Jamani na sisi tusio na oveni? Nina jiko la mkaa na jiko la gesi la plate mbili. Nimeusoma uzi wote nimebaki kumeza mate.

bi_mkubwa_wa_Mtwapa
Oveni imekuja juzi, mwanangu, mkate wa kumimina tumekula tangu zamani. Tafuta sufuria nzito yenye mfuniko wa bati ulionyooka. Panga mboga tabaka moja, na mafuta yake na chumvi. Makaa machache chini, mengi palia juu ya mfuniko. Moto wa chini ukizidi zitashika sufuria, wa juu ndio unaoleta rangi. Funua kila baada ya muda uzigeuze, mvuke nao utoke. Shira mwishoni kama walivyosema, kisha makaa ya chini yaondoe kabisa, bakiza ya juu.

mpishi_hotelini
Kuna njia nyingine ya jiko la gesi, ambayo Wafaransa wanaitumia kwa karoti na haihitaji oveni kabisa. Karoti za Vichy ndizo maarufu, zimepewa jina la mji wenye chemchemi za maji ya madini. Karoti unazikata miviringo, unaweka kwenye kikaango kipana, maji yafike nusu ya karoti, siagi kijiko kimoja na nusu, sukari kijiko kidogo, chumvi. Usifunike kabisa, acha mwanya. Maji yanapokauka karoti zinakuwa zimeiva, na kilichobaki chini ni siagi na sukari, tayari ni shira. Tikisa kikaango dakika ya mwisho zizungukwe. Hazitakuwa na ladha ya kuoka, tusidanganyane, lakini mng'ao wake ni mzuri kuliko wa oveni. Boga usilijaribu hivi, litavurugika.

Halafu mpishi wa zamu, kwenye suala la wazee wa kisukari: hakuna shira kati ya hizi ambayo ni "salama" kwa sababu ya jina lake. Asali ni sukari, nguru ni sukari, tende ni sukari. Watu wengi wanaamini asali haihesabiki, inahesabika. Kinachosaidia ni kiasi, na hapo ukwaju wa bi mkubwa una nafuu kwa kuwa unaweza kuuweka sukari kijiko kimoja badala ya viwili na bado ukala vizuri. Au watengee vipande kabla hujapaka. Karoti iliyookwa kwa mafuta, chumvi na bizari tu ni chakula kamili.

Na kama kuna mtoto wa chini ya mwaka 1 kati ya hao kumi na wawili, asali asipewe hata iwe imeokwa. Vimelea vinavyoleta ugonjwa wa botulismi kwa watoto wachanga vinahimili joto la oveni.

mpishi_wa_zamu
Ahsanteni sana. Mtoto mchanga yupo, wa wifi yangu, kwa hiyo hilo nimelishika. Nimeona hivi: karoti trei ya juu na sukari guru na tangawizi, boga trei ya chini na ukwaju. Wazee wawili natenga karoti zao kabla ya kupaka. Asali naiacha safari hii, mrina unisamehe.

Swali la mwisho: naweza kufanya Ijumaa usiku? Asubuhi ya Jumamosi jiko litakuwa la mama watoto.

mrina_asali
Nimekusamehe, ila nguru kwenye karoti ni kupoteza karoti. Ungebadilisha trei.

jamaa_wa_ziwani
Hapa nakubaliana na mrina, na mimi ndiye niliyeleta nguru! Nguru niliisema kwa boga. Karoti ina harufu yake nyepesi, ukwaju unaiamsha. Boga lipe nguru.

bi_mkubwa_wa_Mtwapa
Boga lipe ukwaju. Msimchanganye mtoto wa watu.

fundi_oveni
Hao hawatakubaliana, fanya unavyotaka. Kuhusu Ijumaa: shira zote mbili zipike usiku, zitakaa kwenye chupa bila shida, ya nguru ikiganda iweke ndani ya maji moto. Mboga kata usiku, weka kwenye friji zikiwa kavu. Kuoka fanya siku yenyewe. Ukibanwa sana, oka ile hatua ya kwanza asubuhi na mapema, ziache juu ya trei bila kufunika, kisha shira na dakika 10 za mwisho wageni wakishaketi. Ukizipaka shira usiku na kuziweka kwenye friji, sukari itavuta maji ya mboga, na asubuhi utakuta zimelowa kwenye dimbwi.

Na kwa kuwa unaingiza trei mbili kwa pamoja, zibadilishane nafasi zikifika dakika 12. Ya juu inapata rangi kwanza kwenye oveni nyingi za umeme. Tandika karatasi ya kuokea chini, la sivyo kusugua trei nako kutakuwa zamu yako.