Bunduki ya upepo inagoma kukokiwa, mtutu unaishia nusu

Mwana wa Bububu:
Assalaam alaykum. Nina bunduki ya upepo ya marehemu babu, ile ya kukunja mtutu, risasi za milimita 4.5. Karatasi zake zipo. Kazi yake ni kunguru tu, maana hapa kwetu hawajaniachia kifaranga. Tangu masika haya, nikivuta mtutu chini unakuja hadi nusu, ndani panalia "krrr", basi, unagoma. Nikiuachia kidogo unarudi juu kwa nguvu. Ule mlio wa "ta" wa kushika siusikii kabisa. Ukutani inapotundikwa panapiga upepo wa bahari, nje imeota kutu rangi ya chai. Jirani kaniambia nimimine mafuta ya nazi kwenye tundu la mtutu. Nimimine?

Kunguru Hafi:
Waalaykum salaam. Hao waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasafishe taka za mji, sasa wanasafisha mabanda ya watu. Ya bunduki msubiri Ami. Mafuta ya nazi pakaa nywele.

Ami Fundi:
Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza acha kuulazimisha. Mtutu ukikuponyoka hapo nusu, kidole kilichokuwepo njiani hukioni tena. Hakikisha hamna risasi, na hata hivyo ielekeze chini mchangani.

Mafuta usimimine tunduni, ya nazi wala ya cherehani. Hewa ikibanwa ghafla inapata moto, mafuta yaliyo mbele ya pistoni yanawaka: moshi, kishindo, na sili, ile ya kuziba hewa kichwani mwa pistoni, inaungua. Hilo la nazi likikaa linanata, ndiyo balaa zaidi.

Sasa tazama skrubu za mbele, ubavuni mwa mti wa kushikia bunduki. Zikilegea, ule mkono wa chuma unaosukuma pistoni hukwaruza mti ukakwama, na hapo dawa ni bisibisi tu. Zikiwa zimekaza, pindua bunduki, mtutu uwe umefungwa, umulike tochi kwenye mfereji wa chini. Mkono ukiwa umepinda utauona. Ila hiyo "krrr" yako inanitia shaka na spiringi. Ikikatika, kipande hupanda juu ya kipande, pistoni haifiki nyuma ikadakwa na ndoana ya kifyatulio. Ndiyo maana "ta" huisikii.

Usifungue nyuma kwa mikono mitupu! Hata bunduki isipokokiwa, spiringi imo humo imebanwa, na inaporuka inakuja na chuma kilichoizuia. Bunduki hufungwa kwenye jiliwa refu, kile chuma cha kubania, spiringi ikalegezwa polepole.

Mwana wa Bububu:
Ahsante Ami. Skrubu zimekaza. Mferejini naona mizunguko miwili ya spiringi imelaliana, na unga mwekundu wa kutu. Je, ya shokapu ya pikipiki haitofaa? Mjini zimejaa.

Ami Fundi:
Haitofaa, waya wake mnene na silinda haitoipokea. Mpelekee fundi mwenye jiliwa aitoe, kisha pima unene wa waya, upana wa nje, na uhesabu mizunguko ya vipande vyote. Kwa vipimo hivyo ndiyo utaagiza. Mwambie asugue kutu ya ndani kwa msasa laini, na sili aikague ukingo; ikichanika, agiza vyote kwa pamoja usilipe fundi mara mbili. Vifaranga kwa sasa funika na wavu mkuukuu wa dagaa, kunguru hapenyi.