Kurasa za misale zilizogeuzwa majalada: zibanduliwe au ziachwe?

Mwanakwaya: Ndugu zangu, Mfalme Gustav Vasa wa Uswidi alipolibana Kanisa Katoliki mwaka 1527 na kuelekea Ulutheri, misale za Kilatini, yaani vitabu vya sala za Misa, zikaanza kukosa kazi. Watoza kodi wake wakazichana, wakajalidia madaftari ya hesabu. Hifadhi ya Taifa ya Stockholm ina vipande vya kurasa hizo zaidi ya 22,000. Mimi nasema vibanduliwe, kila jani lirudi kwa mwenzake. Hawa Walutheri waliandika hesabu za siagi juu ya sala za Misa!

Fundi Jalada: Usibandue. Gundi kuukuu ukiilowesha, hujui kitakachonyanyuka ni ngozi ya ukurasa au wino. Halafu mtoza kodi aliandika jina la wilaya na mwaka juu ya noti za muziki. Ukilitenga jani na daftari lake, utajuaje lilitoka upande gani wa nchi?

Binti wa Usharika: “Hawa Walutheri” ni akina nani? Mimi ni Mlutheri, na kitabu cha sala sijawahi hata kukikunja. Papa Pius wa Tano alipotoa misale mpya mwaka 1570, za zamani zilikwenda wapi? Nenda Italia, Modena na Bologna, ukaone madaftari yaliyovishwa kurasa kama hizo hizo. Waliochana huko walikuwa Wakatoliki.

Mwanakwaya: Papa huyo huyo aliruhusu misale zenye zaidi ya miaka 200 ziendelee kutumika. Na sikumtukana mtu. Nimeona picha ya jani moja: mistari minne myekundu, noti za mraba, na kisu kimepita katikati ya neno Alleluia. Mimi naliimba neno hilo kila Jumapili. Limeniuma.

Karani Mstaafu: Limekuuma kwa sababu lipo, mwanangu. Ngome ya kifalme ya Stockholm iliungua mwaka 1697, sehemu kubwa ya maktaba ikateketea. Daftari la kodi lilitunzwa kwa kuwa lilihusu fedha, na jani likapona nalo.

Mwanakwaya: Kwa hiyo tumshukuru aliyechana? Hapana, mzee wangu, hapo umenikosea.

Mpenda Nyaraka: Turudi kwenye swali jamani. Maktaba ya Taifa ya Ufini, Helsinki, walibandua, wana majani kama 9,000 hivi, na wamefaulu kukutanisha majani ya kitabu kimoja. Ila Leiden, Uholanzi, wamejaribu eksirei inayosoma maandishi yaliyofichwa ndani ya jalada bila kulifungua. Jalada moja huchukua saa nyingi. Na tangu 2017 Waswisi wana Fragmentarium, tovuti ambamo picha za vipande kutoka nchi mbalimbali zinawekwa pamoja. Majani yanakutana bila kuguswa.

Binti wa Usharika: Picha sawa. Bado nasubiri jibu langu.

Fundi Jalada: Mnagombania karne ya 16, na Otto Ege wa Cleveland, Marekani, je? Karne ya 20 hii, mwalimu mzima, alivunja vitabu vya kale akauza jani moja moja. Hakutumwa na mfalme wala dhehebu. Huyo ndiye anayenikosesha usingizi mimi.

Karani Mstaafu: Huyo sina la kumtetea.

Mwanakwaya: Dada, neno “hawa” nimelifuta, unisamehe. Lakini jani lile nataka libanduliwe.

Fundi Jalada: Kwa mkono wa nani?