Mbegu za miti nyumbani Tabora: maji ya moto, kikata kucha au kitambaa chenye unyevu?

MgeniKitalu (Isevya, Tabora)
Wadau, habari za leo. Naomba msaada wa kuchagua njia. Nina mbegu za kuokota: mkwaju 50, mkongo 14 (zile nyeusi zenye kofia nyekundu), mjohoro kikombe kimoja cha chai, mwarobaini kama 80, na maganda sita ya mninga. Mmoja kanishauri nizimwagie zote maji ya moto, mwingine nizikate ganda, wa tatu nizifunge kwenye kitambaa chenye maji. Nataka miche ya kupanda mvua za Novemba zikishakolea. Ipi inafaa zaidi? Na nioteshe kwenye viriba (vile vifuko vya plastiki vya miche) moja kwa moja au kwenye trei ya mchanga?

FundiViriba_Urambo
Karibu sana, ndugu. Usitafute njia moja ya mbegu zote, kwa sababu tatizo lao si moja. Mkwaju, mkongo na mjohoro zina ganda gumu lisilopitisha maji. Mbegu ni hai ndani, ila maji hayaingii. Mwarobaini haina shida hiyo, shida yake ni umri: inapoteza uhai ndani ya wiki chache tu. Kwa hiyo kabla ya yote, mwarobaini zimehifadhiwa wapi na zina siku ngapi?

Kwa mjohoro, maji ya moto hayana mpinzani. Mbegu ni ndogo na ni nyingi, hutakaa kukata moja moja. Chemsha maji, epua sufuria, subiri dakika tatu hivi, kisha mimina juu ya mbegu zikiwa kwenye bakuli. Maji yawe mara tano hadi kumi ya ujazo wa mbegu, yakiwa machache yatapoa kabla hayajafanya kazi. Acha yapoe yenyewe hadi kesho yake. Usiweke mbegu jikoni zichemke pamoja na maji. Hapo unapika, na mbegu iliyopikwa utaiona imevimba vizuri kabisa, halafu inaoza kwenye kiriba.

MgeniKitalu
Asante. Mwarobaini zina kama siku kumi, ziko kwenye mfuko wa plastiki, bado na nyama yake.

BibiShamba_Ujiji
Mwanangu, zitoe kwenye huo mfuko leo hii. Nyama ya tunda ikifungiwa inachacha, inapata joto, na kiini kinakufa. Zisugue kwenye maji pamoja na mchanga kidogo mpaka zibaki kokwa nyeupe, zioshe, zianike kivulini siku moja au mbili (si juani), kisha panda mara moja. Laza kokwa ubavu, funika kwa udongo wa unene wa sentimita moja, weka mbili kila kiriba. Zitaanza kutokeza kati ya siku ya nane na wiki ya tatu. Maji ya moto kwa mwarobaini ni kuua.

Kwa mkwaju na mkongo, mimi sikubaliani na maji ya moto kwa mtu mwenye mbegu chache hivi. Maganda hayalingani ugumu: mbegu iliyotoka kwenye ukwaju mpya ina ganda laini kuliko ya mwaka jana, na maji yale yale yanayofungua moja yanaiunguza nyingine. Ukiwa na kilo mbili hasara hiyo unaivumilia. Ukiwa na mbegu 14 za mkongo, kata kwa mkono.

Chukua kikata kucha. Tafuta kitovu cha mbegu, yaani pale ilipokuwa imeshikana na ganda la tunda. Kwenye mkongo ni pale pale inapokaa kofia nyekundu; hiyo kofia ing'oe kwanza, maana inaita mchwa na ukungu. Mzizi hutokea upande huo, kwa hiyo usiuguse. Geuza, kata upande wa pili, kidogo sana, milimita moja tu, mpaka uone weupe wa ndani. Ukishauona, acha hapo. Ganda likiteleza, sugua kwa msasa. Kisha loweka kwenye maji ya kawaida usiku mmoja.

FundiViriba_Urambo
Bibi, hoja yako kwa mkongo naikubali. Kwa mkwaju 50 bado nasema maji ya moto yanatosha ukisubiri hizo dakika tatu. Na kwa mwinuko wa Tabora mjini, kama mita 1,200, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Yakitulia kidogo yanashuka hadi kiwango ambacho mkwaju unavumilia.

KitaluKasulu
Naongezea kuhusu kitambaa. Wengi wanakifanya njia ya kuoteshea, lakini kazi yake nzuri ni kupima. Baada ya kukata au kumwagia maji ya moto, chukua mbegu 20 za aina moja, zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa (kisidondoshe maji), kunja, weka ndani ya kopo lenye mfuniko uliotobolewa, mahali pa joto pasipo jua. Fungua kila siku. Zikiota 12 kati ya 20, hiyo ni asilimia 60. Ukiweka mbegu moja kwa kiriba, viriba 40 kati ya 100 vitabaki vitupu. Ukiweka mbili, vitakavyobaki vitupu ni 16 tu. Hapo unajua uweke ngapi, badala ya kubahatisha.

Ukitaka kuihamisha mbegu iliyoota kitambaani, ihamishe mzizi ukiwa haujazidi sentimita moja. Ukichelewa siku mbili, mzizi unapenya kwenye nyuzi na ncha inakatika unapouvuta. Mche wa mkwaju uliokatika ncha hiyo hautakupa mzizi mkuu ulionyooka. Na kwetu huku Kigoma hewa ikiwa nzito, kitambaa kinaota ukungu upesi. Kichemshe kabla ya kukitumia.

Swali la viriba au trei: hizi zako zote ziende kwenye viriba moja kwa moja. Mkongo na mkwaju hushusha mzizi mrefu kabla hata majani hayajakaa sawa. Kwenye trei ya sentimita saba mzizi unagonga chini na kujikunja, na mche uliojikunja mzizi utadumaa shambani hata ukimwagiwa vipi. Trei ya mchanga iachie mbegu ndogo sana kama za mkaratusi. Mjohoro unaweza kwenda kokote.

BibiShamba_Ujiji
Sawa kabisa. Udongo wa viriba: ndoo tatu za udongo wa juu, ndoo moja ya mchanga wa mtoni, ndoo moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Kwa mkongo, na siku ukiotesha mtundu au myombo, changanya pia viganja viwili vya udongo uliochotwa chini ya mti mkubwa wa aina hiyo hiyo. Una kuvu wanaoshirikiana na mizizi kutafuta chakula. Bila wao mche unaota vizuri, kisha unasimama na kuwa wa njano.

Jaza kiriba kwa kugongesha chini: theluthi ya chini ishindilie ili isimwagike, juu acha iwe huru. Kama huna viriba, chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo na kutobolewa matundu sita chini inafaa, na kwa mkongo ni bora zaidi kwa sababu ya kina.

MgeniKitalu
Nimemwagia mkwaju maji ya moto jana jioni, nikasubiri dakika tatu kama mlivyosema. Leo asubuhi 31 zimevimba, ganda limelainika na kukunjika, ukucha unaingia. 19 ziko vile vile, ngumu zinang'aa kama kokoto. Nizitupe?

FundiViriba_Urambo
Usizitupe hata moja. Hizo 19 ndizo zenye ganda gumu zaidi, na mara nyingi ni hai. Zilizovimba panda leo hii, kina cha sentimita moja na nusu, usiziache zikauke tena maana hapo ndipo zinapokufa. Hizo ngumu usizirudishie maji ya moto. Hapa Bibi ameshinda: kata kwa kikata kucha, loweka usiku mmoja, panda kesho.

Maji: mwagilia asubuhi. Jioni chomeka kidole mpaka kiungo cha kwanza, pakiwa na unyevu acha. Kinyausi, yaani ugonjwa wa kuoza shina la mche mchanga, kinaletwa na maji mengi, msongamano na kivuli kizito. Utaona shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapotoka ardhini, mche umelala ilhali majani bado ni ya kijani. Huo hauponi. Ng'oa, tupa mbali, punguza maji, panua nafasi kati ya viriba ili hewa ipite. Kivuli cha nyasi kiwe chepesi, jua lipenye nusu, na wiki tatu kabla ya kupanda shambani kiondoe kidogo kidogo.

MgeniKitalu
Nimeelewa. Imebaki mninga.

KitaluKasulu
Mninga ndio wenye kuhitaji subira. Lile duara la pembeni ni bawa tu. Likate kwa mkasi wa kupogolea, ubaki na kitumba cha katikati chenye miiba. Vaa glavu, kata ukingo wa kitumba taratibu, ndani utakuta mbegu moja au mbili, pengine hakuna. Loweka usiku mmoja, panda kwenye chombo kirefu kuliko vyote ulivyonavyo.

Ila jambo linalowafanya watu waing'oe wakidhani wameshindwa ni hili: miaka ya mwanzo, kiangazi kikishika, shina la mninga hukauka lote hadi ardhini. Mzizi unabaki hai chini, unanenepa, na mvua zikirudi unatoa chipukizi jipya. Inaweza kujirudia hivyo miaka kadhaa kabla mti haujasimama. Kwa hiyo ukiuona umekauka Julai, usiuguse. Weka kijiti pembeni upajue mahali pake, linda moto na mbuzi, na usubiri mvua.